Maji ya Shirin

Mji wa Kale, Mombasa
Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Kwako Kache,

Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Areeba, binti wa Badruddin, mwenye bwawa hapo kwenu Chijembeni. Mwaka jana tulipokuja kwa hitima, mimi na wewe tulikimbia jua tukakaa ndani ya gari, ukaniazima kitabu chako cha hadithi nikasoma kurasa chache huku wenzetu wakila. Hatukuzungumza sana. Mimi huwa sizungumzi sana na mtu yeyote, ndiyo maana naandika.

Barua hii anakuletea kaka yako Menza. Nilimpa akiwa kazini, kwenye stoo yetu ya Shimanzi, Abba, baba yangu, alipokuwa kwenye simu. Nimemwambia ni maswali ya mtihani. Tafadhali usinisute.

Jana baada ya sala ya Ijumaa dereva mmoja wa lori alikuja dukani akamwambia Abba kwamba amepita Chijembeni akaona watu wenye majembe na karai wanachimba karibu na tuta la bwawa. Abba aliweka kikombe chini. “Karisa yuko wapi?” akauliza. “Nimemweka alinde au nimemweka ale na wezi?”

Karisa ni baba yako. Mimi najua jambo moja tu juu yake: mwaka jana alimbeba Dadi, mama yake Abba, mikononi akamvusha tope bila kuombwa. Lakini Abba anasema mnakata tuta mpeleke maji kwa mtu anayefyatua matofali. Anasema tangu zile fujo za Likoni hakuna wa kuaminiwa. Anataka kuja na polisi.

Labda hujui kwa nini anawaka hivyo. Bwawa lile si la biashara. Marehemu babu yangu alilichimba liwe sadaka ya Shirin, mtoto wa kwanza wa Dadi, aliyekufa mdogo. Watu wanywe, mifugo inywe, na thawabu zimfikie yule mtoto. Kila mwaka kabla ya kumsomea hitima Dadi huuliza jambo moja tu: “Maji yamejaa?” Na Abba lazima ajibu kwamba yamejaa.

Basi nakuuliza kabla polisi hawajauliza. Mnachimba nini?

Nisamehe kwa swali hili.

Areeba


Chijembeni
9 Oktoba 1997

Areeba,

Nakukumbuka. Ulinirudishia kitabu changu kikiwa na alama ya kidole cha pilau ukurasa wa kwanza. Bado ipo.

Barua yako nimeisoma nyuma ya darasa, maana Menza alisimama juu ya kichwa changu. “Mtihani gani huu usio na namba?” akasema. Nikamwambia ni insha.

Umeuliza kwa adabu, lakini ni swali analoulizwa mwizi. Nitakujibu hata hivyo.

Hatuchimbi tuta. Tunachimba kichuguu kilicho kando yake, na udongo wake tunaupeleka chini ya tuta, upande wa huku kwetu, ambako ardhi imelowa. Mwezi wa tisa nyasi zote zilikuwa zimekauka, lakini pale palikuwa kijani kama bustani, na mbuzi wa jirani alizama miguu yote minne. Baba anapaziba kwa udongo wa kichuguu kwa sababu hushika, ndio tunaosakafia nyumba. Tukiziba hapa, baada ya siku chache panatoa maji pengine.

Utauliza kwa nini hakumwambia baba yako. Nilimuuliza. Alisema, “Nikimwambia tuta linavuja, atasema Karisa alilala kazini.”

Sasa na mimi nina swali. Mwezi wa sita, mvua za masika zilipokuwa zinaisha, baba yako alikuja na vijana wa Shimanzi na magunia ya mchele. Wakayajaza udongo, wakayapanga kwenye ule mtaro wa pembeni unaotoa maji bwawa likijaa. Wakauziba kabisa. Tangu siku hiyo maji yamekaa juu kuliko nilivyowahi kuyaona.

Watu hapa wanasema hivi: Badru anataka tutoke. Nyumba ni zetu na makaburi ni yetu, lakini hati ya ardhi ni yake. Anangoja maji yatushukie, apate ardhi tupu ya kuuza bila kumpeleka mtu kortini. Nyumba ya kwanza chini ya tuta ni ya Hawe Kavumbi, bibi yangu. Mguu wake haumruhusu hata kufika kisimani.

Na redio kila siku inasema mvua kubwa zinakuja. Unajua chochote?

Jambo la mwisho. Baba hakusoma. Barua za Bwana Badru mimi ndiye ninayemsomea, kwa hiyo najua baba yako anaandika vipi. Wewe bado sijakujua.

Kache Karisa


Mji wa Kale
13 Oktoba 1997

Kwa Kache,

Nina haya juu ya ile alama ya pilau. Nitakutumia kitabu kingine.

Nilimuuliza Abba kuhusu magunia, nikijifanya ni somo la jiografia. Alisema mwaka juzi maji yalipungua mapema, Dadi akauliza, naye ikabidi aseme uongo mbele ya chakula cha hitima. Hakulala vizuri baada ya hapo. Ndipo akaamua kuziba mtaro. “Sadaka ya mama yangu inamwagika porini,” alisema, “kwa nini niiache iende?” Mimi nimemwamini. Sijui kama wewe utamwamini.

Kuhusu kuuza. Hakuna.

Jumamosi nilikwenda maktaba. Kulikuwa na kitabu kimoja tu juu ya mabwawa madogo ya udongo, kina vumbi mpaka nikapiga chafya na mzee wa mezani akanitazama vibaya. Nilikisoma mpaka wakafunga. Kache, inaonekana sote tumekosea, kwetu na kwenu. Kitabu kinasema mtaro wa pembeni usizibwe kamwe, kwa sababu maji yakikosa njia yatapanda juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa na maji juu halidumu. Na kinasema mahali panapovuja chini pasizibwe kwa udongo. Maji yaliyozuiwa hutafuta njia nyingine ndani kwa ndani, na hatuioni.

Kinasema pia kuna njia ya kujua hatari ni kubwa kiasi gani. Maji yanayovuja yakiwa safi, mtu anaweza kuyaangalia na kungoja fundi. Yakiwa na tope, maana yake tuta linaliwa kutoka ndani. Hapo hakuna kungoja, bwawa lipunguzwe siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nakuomba uchukue chupa hii ya sharubati ambayo nimeiosha, uijaze pale pale panapotoka maji chini ya tuta, umpe Menza. Nikiona kwa macho yangu nitakuwa na la kumwambia Abba. Bila hivyo mimi ni mtoto aliyesoma kitabu.

Areeba


Chijembeni
17 Oktoba 1997

Areeba,

Chupa hiyo. Nimeijaza mwenyewe. Kama unavyoona, maji ni safi.

Watu waliponiona na chupa waliuliza ya nini. Mmoja akasema unataka kuyapeleka yapimwe, ili mseme tumetia sumu. Nimewajibu ni ya somo la sayansi. Siku hizi natunga masomo mengi.

Mvua imeanza. Basi, kama maji ni safi hakuna haja ya polisi, wala ya kumsumbua baba yako. Jibu si lazima.

Kache


Mji wa Kale
21 Oktoba 1997

Kache,

Ulisema jibu si lazima. Lazima.

Chupa ilifika maji yakiwa safi kama kioo. Nilifurahi kiasi kwamba nilipanda nayo ngazi mbio kumwonyesha Dadi, aliyekuwa kwenye roshani anachagua mchele.

Lazima nikueleze jambo moja la huku kwetu. Mifereji ya Mji wa Kale, mabomba ya nyumbani, hukauka siku nyingi kuliko inavyotoa, na maji tunanunua kwa vijana wa mikokoteni. Kila mmoja anaapa kwamba yake ni ya mfereji, na nusu yao wameteka kisimani kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo nyumba zetu zimejifunza kujua maji kwa ulimi. Dadi huchukua tone moja tu. “Haya ya kisima. Mrudishie.” Vijana wale wanamwogopa kuliko askari wa manispaa.

Aliichukua chupa yako, akajimiminia kidogo kiganjani, akaonja.

“Ya wapi haya?”

“Ya bwawa la Shirin, Dadi.”

Akaonja tena, safari hii amefumba macho. “Siyo. Haya ya mvua, yamepita kwenye bati. Maji ya Shirin mimi nayanywa kila mwaka kabla sijatia chakula mdomoni. Nani anakudanganya, wewe?”

Nilikuandikia barua kali nikaichana. Nikaandika ya pili nikaichana pia. Nilijiuliza kama yale Abba anayosema juu yenu ni kweli, na kama mimi ndiye mjinga niliyetumiwa.

Ilikuwa asubuhi, darasani, katikati ya hesabu, ndipo nikafikiri vizuri. Kama maji ya chini ya tuta yangekuwa safi, ungekuwa na sababu gani ya kwenda kuteka penye bati? Ungejaza pale pale ukamaliza. Mtu hafichi kitu kisafi. Basi nimeshajua maji yale yana tope, na umenijulisha wewe mwenyewe.

Sijui ni tope kiasi gani, wala kwa nini umenificha. Hapa mvua haijakatika tangu Ijumaa. Menza anasema malori yamekwama Makupa na stoo ya Shimanzi imeingia maji mpaka kwenye safu ya kwanza ya mchele.

Niambie kweli, Kache. Hata kama hutaki kuniamini, niambie.

Areeba


Chijembeni
24 Oktoba 1997

Areeba,

Yalikuwa ya pipa la Hawe. Sikujua kama kuna watu wanaonja bati.

Mara ya kwanza nilijaza pale ulipotaka. Maji yalitoka kama chai ya maziwa. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaichukua chupa, akaitazama kwenye mwanga, akaimwaga. “Ukiyapeleka haya, tumehama,” akasema. Halafu akanionyesha pipa.

Usimwone mbaya. Amelilinda bwawa lile tangu sijazaliwa, na kinachomweka hapa ni neno la baba yako tu, hana karatasi hata ya kufungia karanga. Mtu kama huyo akiambiwa kitu chake kimeharibika, hufunika.

Na wewe je? Menza ameniambia kwamba Jaffar, rafiki wa baba yako, alikuja Shimanzi na wageni wawili wakaulizia shamba la Chijembeni, na baba yako akawajibu, “Ngojeni hitima ipite.” Wewe uliniandikia “Hakuna.” Neno moja peke yake, kama mtu anayefunga mlango haraka. Mimi pia nasoma vitabu, Areeba. Mtu asiye na la kuficha huandika zaidi ya hapo.

Kwa hiyo tumetoshana. Sasa sikiliza.

Maji yamefika gunia la juu. Yakipata mvua nyingine kama ya Jumanne yatapita juu ya tuta. Pale chini sasa panatoka maji mahali pawili, na pale pa pili ni karibu na katikati. Nilimwambia Baba tuondoe magunia. Nikamweleza kitabu chako. Akaniuliza, “Hicho kitabu kina shamba wapi?” Kisha akasema magunia ni ya mwenyewe, na hatagusa hata moja bila neno la Bwana Badru. Akiyatoa, ataambiwa amemwaga sadaka ya watu. Akiacha, labda mvua itakatika. Amechagua labda.

Hawe Kavumbi hataki kuhama. Tulitaka kumbeba jana, akamshika Baba sikio kama mtoto. “Nimehama mara moja, siku niliyoolewa. Inatosha.” Usiku nalala kwake.

Mwambie baba yako. Kama ni mtu mwema atatuma neno. Kama ni kama watu wanavyosema, basi nalo tutajua.

Kache


Mji wa Kale
Jumapili, 26 Oktoba 1997

Kache,

Nimemwambia. Nilijizoeza maneno bafuni, lakini mezani yalitoka ovyo.

“Nani amekwambia tuta linavuja?” akauliza.

“Nimesoma kitabuni.”

“Kitabu kimejuaje magunia yangu?”

Basi nikamweleza yote, barua, chupa, chai ya maziwa. Alimega mkate, hakuula. Nilidhani anawaza nyumba zenu. Kisha akasema, “Kwa hiyo Karisa amenificha.” Katika yote niliyosema, alilosikia ni hilo. Nilijaribu kumrudisha kwenye mtaro, akaniambia mtoto wa shule hawezi kujua nia za watu.

Dadi alikuwa amelala. Abba amenikataza kumwambia neno kabla ya hitima, ambayo ni Jumapili ijayo. Nimemtii. Sijui kama nimefanya vyema.

Kuhusu kuuza, ulisema kweli. Kabla sijakuandikia lile “Hakuna” nilikuwa nimeshasikia. Tulikuwa Mama Ngina, kando ya bahari, ndani ya gari, tunakula muhogo, Jaffar akaegemea dirishani. “Uza, Badru. Ardhi yenye watu ni mzigo kichwani.” Abba hakukubali, wala hakukataa. Akapaka muhogo wake pilipili. Niliona aibu kukuandikia hivyo, nikaandika neno moja.

Mchana ameteremka dukani, amemwandikia baba yako barua na kuifunga kwa gundi. Sijui imesema nini. Najua uso wake tu. Menza ataondoka nayo kesho na lori la alfajiri kutoka Makupa, pamoja na hii yangu. Isome hii kwanza.

Mhamishe Hawe wako, hata kama atawashika masikio nyote.

Areeba


BADRUDDIN, NAFAKA NA VIUNGO
Mombasa, 26/10/97

Kwa Bw. Karisa Kitsao,

Baada ya salamu. Nimepata habari, tena kwa watoto, kwamba tuta linavuja na wewe umekaa kimya. Miaka yote hii nimekuamini. Leo sijui nimemwamini nani.

Usiguse magunia, hata moja, mpaka nije mwenyewe Jumapili. Maji yale ni ya mama yangu na yatakaa yalipo. Usizibe, usichimbe, wala usimruhusu mtu kusogea.

Nimeambiwa ya kwamba mtaro ukifunguliwa ni kwa usalama wa watu. Mimi najua wako watu wanaosubiri kisingizio. Nikija nikakuta gunia limetolewa nitajua nia ya aliyelitoa, na wewe tafuta pengine pa kukaa.

Menza asikawie huko, kuna mzigo.

Badruddin


Chijembeni
Jumatatu, 3 Novemba 1997

Areeba,

Naandika pole pole kwa sababu nataka ujue kila kitu, na kwa sababu viganja vyangu vimechubuka.

Menza alifika, akaweka barua zote mbili mezani, akanywa uji amesimama, akarudi na lori lile lile. Yako niliisoma kwanza, kama ulivyoniambia. Kisha Baba akaja akakaa kitandani akisubiri ya kwake. Mvua ilikuwa inapiga makuti kiasi kwamba ilibidi nisome kwa sauti kubwa.

Mstari wa kwanza niliusoma ulivyo, kwamba amepata habari kuwa tuta linavuja na Baba amekaa kimya. Baba akainamisha kichwa. Macho yangu yakatangulia, yakafika kwenye “Usiguse magunia.” Nikamsikia Hawe anakohoa nyumbani kwake, hapo tu, chini yetu.

Nikasoma: “Ondoa magunia yote leo hii. Usiningoje.”

“Amesema leo?”

“Leo.”

“Soma tena.”

Nikasoma tena, na safari hii nikaongeza, “Pole kwa kazi.” Baba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu masika. “Bwana Badru siku hizi ana adabu,” akasema. Akaikunja barua akaitia mfuko wa shati, akaenda kuita watu.

Tulifanya kazi wote, wanawake kwa wanaume. Gunia lililolowa ni zito kama ng'ombe aliyekufa. Lile la mwisho hatukulitoa sisi, maji yalilisukuma yenyewe. Yakaingia mtaroni kwa kishindo, yakabeba shamba zima la mihogo la mwenzetu mmoja aliyelima kando yake. Hajatusamehe bado. Mvua ikaendelea mchana na usiku, na maji bwawani yakashuka huku mvua inanyesha. Sijawahi kuona jambo kama hilo.

Alhamisi sehemu ya chini ya tuta ikaporomoka. Kipande kama mlango mkubwa kilikaa chini tu, kama mtu aliyechoka. Tope likateremka mpaka kizingitini kwa Hawe, likasimama hapo. Maji ya bwawani yalikuwa yameshashuka chini ya pale palipokatika. Yangekuwa pale yalipokuwa Jumatatu, barua hii isingeandikwa, na wewe ungekuwa unamwuliza Menza habari zangu.

Jana akaja baba yako, peke yake na dereva. Nilikuwa na Baba tukimngoja tutani. Wewe ndiye unayejua nilivyokuwa, hakuna mwingine. Baba akaenda kumpokea kwa mikono miwili.

“Bwana, nimefanya kama ulivyoandika. Sikubakisha gunia.”

Baba yako akamtazama. Akatazama mtaro. “Nilivyoandika?”

“Barua yako hii hapa.” Baba akaitoa mfukoni, imelowa pembeni.

Bwana Badru akaifungua akaisoma yote, mpaka jina lake. Kisha akashuka mwenyewe na viatu vyake vya mjini mpaka pale palipoporomoka. Akaingiza mkono ndani ya shimo ambalo maji yalilichimba, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Akasimama muda akitazama kutoka pale mpaka mlangoni kwa Hawe, ambaye alikuwa ameketi nje anamenya mihogo iliyookolewa. Hawe akampungia kisu kama salamu.

Alipopanda juu akaikunja barua, akaitia mfuko wake mwenyewe. “Ndiyo, Karisa,” akasema. “Ndivyo nilivyoandika.”

Kisha akanigeukia mimi. “Wewe ndiye uliyemsomea?”

“Ndiyo, Bwana.”

“Unasoma vizuri.”

Akapanda gari. Sijui maana yake ni nini. Tangu jana nangoja polisi, au Jaffar, au Menza afukuzwe kazi. Nashuku pia kwamba kuna mtu alimwambia kitu kabla hajafika. Ni wewe?

Kache


Mji wa Kale
Jumamosi, 8 Novemba 1997

Kache,

Si mimi. Wiki nzima ile nilikuwa sithubutu hata kuomba chumvi mezani. Na nilipoisoma barua yako nilikaa chini kwenye ngazi. Mimi nisingeweza. Ningesoma neno kwa neno mpaka mwisho, kisha ningelia.

Nitakuambia nilichoona huku.

Dadi hakuweza kuja kwa sababu ya barabara, kwa hiyo hitima tuliisoma hapa nyumbani. Abba alirudi kutoka kwenu kabla ya chakula, suruali ina tope mpaka magotini, akaingia vivyo hivyo mbele ya wageni. Dadi akamuuliza kama kila mwaka, “Maji yamejaa?”

“Hapana, Mama. Nimeyapunguza.”

Nilisikia kijiko cha mtu kikigonga sahani.

“Watu wa chini wazima?”

“Wazima.”

“Basi leteni chakula,” akasema Dadi.

Abba alikuwa amebeba chupa ya maji ya bwawa kwa ajili yake. Ilikuwa na tope zito. Dadi aliiweka dirishani ikatulia mpaka Jumanne, akachukua tone moja la juu kabisa. “Haya ndiyo yake,” akasema. Halafu akamwambia Abba asimfichie tena kitu cha Shirin, maana yeye si mgonjwa, ni mzee tu.

Jaffar alikuja Alhamisi. Nilikuwa nyuma ya pazia la duka nikipima iliki, nikasikiliza bila aibu. Abba alimwambia hauzi kitu ambacho tuta lake limebomoka, kwanza atatafuta fundi wa kweli. Jaffar akauliza, “Na likishatengenezwa?” Abba akampimia mchele. Kwa hiyo sijui, Kache, na safari hii siandiki “Hakuna.” Nitaendelea kukaa nyuma ya pazia, na nikisikia lolote nitakuandikia lilivyo.

Leo Abba amemwandikia baba yako kuhusu fundi na kuhusu mihogo ya yule mwenzenu. Hakuifunga kwa gundi. Nilipomletea chupa ya gundi akaisukuma kando. “Iache wazi,” akasema. “Nikiwa nimekosea, yule msichana ataiweka sawa.” Sikuona kama anatabasamu, alikuwa amegeukia mizani.

Lakini aliuliza pia maji ya chini ya tuta sasa yanatoka na rangi gani. Nikamwambia nitauliza.

Nimemrudishia Menza ile chupa ya sharubati. Ijaze pale pale, hata kama ni tope. Dadi anangoja kuyaonja.

Areeba